Kikapu Huharibikia Kwenye Chane

Chukua kikapu chochote cha ukindu kinachouzwa masoko ya Unguja, Darajani au Mwanakwerekwe, kigeuze chini juu, ukitazame kitako. Wanunuzi wengi hutazama rangi. Wewe tazama mianya. Ukiona mwanga unapenya baina ya chane na chane, yaani vile vipande vyembamba vya jani lililochanwa, basi kikapu hicho kilisukwa kwa ukindu mbichi, au kwa ukindu uliorowa kupita kiasi. Siku kilipomalizwa kilikuwa kimekaza vizuri. Maji yakatoka, majani yakasinyaa, nafasi ikabaki. Hakuna mshono wala kitambaa cha ndani kitakachoiziba.

Naanzia hapo kwa sababu wengi wanaojifunza siku hizi wanajifunza kwa video za simu, na video huanza pale mikono inapoanza kusuka. Kazi ya siku kumi iliyotangulia haionekani. Na wanaojifunza ni wengi, jambo la kufurahisha. Tangu Zanzibar ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Bara ikafuata Juni 2019, kikapu kimerudi mikononi mwa watu: cha sokoni, cha shule, cha kompyuta, cha nguo chafu, hata cha kutundika ukutani kwa uzuri tu. Maumbo ni mapya, lakini jani ni lile lile na tabia zake hazijabadilika.

Ukindu, miyaa, na vinginevyo

Ukindu ni jani la mkindu, unaoota vichaka vichaka mabondeni na sehemu zenye unyevu. Ni mwembamba, mlaini, na unapokea rangi vizuri. Ndiyo maana mikeka ya kulalia, misala, makawa na vikapu vya mkononi ni vyake. Miyaa ni majani ya mkoche, unaopenda mchanga na maweni, na jani lake limetanuka kama kiganja. Miyaa ni mirefu na migumu zaidi: majamvi ya kuanikia karafuu kule Pemba, makanda, vikapu vya mzigo mzito. Usichanganye viwili hivi ndani ya ukili mmoja, yaani utepe mrefu wa chane zilizosukwa ambao baadaye hushonwa kuwa kikapu. Mwaa mgumu huusukuma ukindu pembeni, na ukili unakwenda upogo hata ukivuta kwa uangalifu gani.

Kuna usumba wa makumbi ya nazi, ambao nitaurudia kwenye mikono. Kuna maganda makavu ya mgomba, ambayo ni mepesi na yanapendeza kwa rangi yake ya kahawia, lakini hayavumilii kurowa mara kwa mara. Yaweke ndani ya mshono wa kuzungusha, ule wa duara juu ya duara, yasikae juu panapoguswa.

Kitu pekee tunachosuka kibichi ni pakacha la kuti la mnazi, kwa sababu halikukusudiwa kudumu. Kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, wanasema wazee, na kwa pakacha ni sawa. Kikapu cha ukindu hakina ruhusa hiyo.

Kukata na kuanika

Jani linalotakiwa ni lile ambalo bado halijafunguka, lililosimama katikati ya mkindu kama mkuki. Katika kila shina kata moja, halafu uache linalofuata lichomoze na kufunguka kabla hujarudi. Kata juu ya miba, mbali na moyo. Mkindu ukishakatwa moyo, shina lile limekwisha. Halichipui kichwa kingine. Kichaka kitaendelea kwa machipukizi ya pembeni, lakini itachukua miaka hadi yawe na majani marefu ya kufaa. Wanaofyeka kichaka kizima kwa panga ili wajaze gari siku moja wanatuibia sote. Na ndani ya hifadhi, kama Jozani iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, hapakatwi kitu bila ruhusa.

Nyonyoa majani kutoka kwenye uti siku hiyo hiyo, yafunge vishada vya kutosha kushikika kwa mkono mmoja, vifunge upande wa kitako tu ili ncha zitanuke. Wapo wanaovichemsha dakika 10 kabla ya kuanika, na mimi naunga mkono, kwani huua wadudu na jani hutoka jeupe kwa usawa. Kisha jua. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, siku tatu hadi tano zinatosha. Geuza kila mchana, na uingize ndani kabla ya magharibi. Umande wa usiku mmoja unatosha kuota koga, na madoa ya koga hayafichiki kwa rangi yoyote isipokuwa nyeusi. Kwa sababu hiyo ukindu haukatwi wakati wa masika. Kama lazima ukate, anika chini ya paa penye upepo na ukubali kwamba utakuwa wa manjano, si mweupe.

Namna ya kujua kama umekauka: shika kishada, kitikise karibu na sikio. Jani lililokauka hulia kama karatasi. Lisilokauka hukaa kimya.

Uhifadhi kwa kuutundika, umefungwa kwa kitambaa. Mfuko wa plastiki unaufunga unyevu ndani, na ukiufungua baada ya mwezi utakutana na unga wa kijani.

Rangi

Rangi hutiwa kwenye majani kabla ya kuchana, si baada. Chane nyembamba zikichemshwa hujikunja na kufungamana kama nywele.

Kwa nusu kilo ya ukindu mkavu, tumia sufuria kubwa yenye maji lita 8, vijiko viwili vya chakula vya rangi ya unga, na vijiko vitatu vya chumvi. Koroga rangi kwanza kwenye kikombe cha maji ya moto mpaka pasibaki punje. Punje moja isiyoyeyuka huacha doa refu kwenye jani. Rowesha ukindu kwa maji safi kabla ya kuuingiza, la sivyo utanywa rangi kwa ncha zake na kubaki mabaka katikati. Chemsha kwa moto wa wastani dakika 45 hadi saa nzima, geuza kila baada ya dakika 10, kisha uache upoe humo humo. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Anika kivulini, maana jua kali huchubua rangi ikiwa bado mbichi.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi hulipuuza. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, sugua jani lililokauka mara ishirini. Kikitoka na rangi, usisuke. Rudisha sufuriani na chumvi, au suuza tena. Rangi inayotoka itaingia kwenye chane nyeupe za jirani mara ya kwanza utakapoilowesha ili usuke, na nyekundu ndiyo mbaya kuliko zote. Kikapu cha nyeupe na nyekundu kinageuka cha waridi chenye mawingu, na hakuna tena la kufanya.

Rangi za mimea ni nzuri, na wateja wa nje wanaziulizia sana, ila zisemwe ukweli wake. Manjano hutoa rangi ya kung'aa, lakini jua huila upesi; na kikapu chake kikioshwa kwa sabuni hugeuka chekundu pale pale, kwani manjano hubadilika yakikutana na kitu chenye magadi. Mzingefuri hutoa rangi ya machungwa, na hutoka vizuri zaidi ukitia magadi kidogo kwenye maji ya kuchemshia mbegu. Nao haupendi jua. Zinazodumu kweli ni za magome yenye ukakasi. Gome la mkoko hutoa kahawia nyekundu, na ukilizamisha jani hilo kwenye tope jeusi la bondeni lenye chuma, au kwenye siki iliyolazwa misumari yenye kutu, linakuwa jeusi. Usizidishe chuma wala usiache jani humo usiku kucha, kwani litakatika kama kijiti baada ya mwaka. Na gome litoke kwenye boriti zilizokwisha kukatwa. Kumenya mkoko ulio hai kwa ajili ya kikapu ni kuua pwani ili upambe sebule.

Kuchana na kulowesha

Hapa ndipo kikapu kinapopatikana au kupotea.

Toa uti wa katikati kwanza, halafu ukingo wa jani pande zote mbili, kwani ukingo ni mgumu na huleta chane isiyolala. Chana kuanzia kitako cha jani kwenda nchani. Kwa mkeka mwembamba chane huwa milimita 3 au 4. Kwa kikapu cha mkononi, 6. Kwa jamvi la miyaa, 10 na zaidi. Kuchana kwa kukadiria kwa jicho wanaweza waliozoea miaka mingi. Wewe tengeneza kipimo: kibao kidogo cha mti laini, pigilia sindano mbili zilizopishana milimita 6, ncha zitokeze kidogo. Lilaze jani juu yake, bonyeza kwa kidole gumba, vuta. Kila chane itatoka ndugu ya mwenziwe. Chane moja ya milimita 8 katikati ya za 6 haionekani ikiwa mkononi, lakini ndani ya ukili hupindisha mapito yote yanayoifuata, na utadhani kosa ni la vidole vyako.

Zipitishe chane nyuma ya kisu, mara mbili tu, kuzilainisha. Halafu zilowe. Ukindu dakika 5 hadi 10 ndani ya maji, miyaa nusu saa. Zitoe, zikung'ute, zizungushie kipande cha kanga chenye unyevu, ziache saa mbili au usiku mmoja. Unachotaka ni unyevu ulioingia ndani ya jani, bila maji juu yake. Zungusha chane kwenye kidole cha shahada: ikivunjika ni kavu, ikidondosha tone imezidi, ikijikunja na kubaki imelala hapo, iko tayari. Kanuni hii si yetu peke yetu. Wanaosuka kwa matete na majani ya bustani kule Uingereza nao hukausha kwanza, hulowesha kidogo, hufunga kwa taulo, ndipo husuka, kwa sababu ile ile: jani likishakauka mara moja, halivimbi tena kwa unyevu mdogo kama lilivyokuwa bichi.

Lowesha za kutosha siku moja. Zikibaki zianike, usizifunge ndani ya kanga mpaka kesho kutwa, maana zitateleza na kunuka.

Ukili wa tisa

Kwa kikapu napendekeza ukili wa chane tisa. Wa tano ni mwepesi kujifunza lakini ni mwembamba mno na mishono inakuwa mingi. Wa kumi na tatu ni mzuri kwa mkeka, ila haukubali kupinda kwenye kitako.

Funga chane tisa kwa uzi upande wa kitako cha jani, na ubane fundo kwa kidole cha mguu au kwa msumari ukutani. Tano zielekee kushoto, nne kulia. Chukua ya mwisho kabisa ya kushoto, ipite juu ya mbili, chini ya mbili, ifike katikati na kujiunga na za kulia. Sasa kulia ni tano. Chukua ya mwisho ya kulia, juu ya mbili, chini ya mbili, irudi kushoto. Ni hivyo tu mpaka mwisho. Ugumu wake uko kwenye ukingo. Pale chane inapogeuka ikunje iwe na mstari, ibane kwa ukucha, ndipo uivute. Ukingo usiokunjwa hubaki na tundu la mviringo, na ni matundu hayo ambayo shazia, ile sindano kubwa ya kushonea ukili, itashindwa kuyashika wakati wa kushona.

Kuunga. Usingoje chane iishe. Ikibaki sentimita 5, ilaze chane mpya juu yake, kitako cha mpya kikianzia katikati, na zipite pamoja mapito mawili au matatu, kisha iache ile ya zamani nyuma. Usiunge chane mbili za jirani mahali pamoja, kwani ukili utavimba pale na kuwa dhaifu baada ya pale. Ncha zinazochomoza zikatwe ukili ukishakauka, si kabla. Zikikatwa zikiwa na unyevu, zitasinyaa na kuchomoka.

Pima upana kila shibiri moja. Ukiona umepotea zaidi ya milimita 2, fumua urudi. Inauma, najua, lakini ukili wenye kiuno hautashonwa ukalala.

Ukishamaliza, uanike kivulini siku nzima, halafu ubingirishie chupa juu yake ukiwa umelazwa kwenye ubao. Sehemu ya mwisho ya kusinyaa hutokea siku hiyo. Ndiyo maana ukili haushonwi siku uliposukwa.

Hesabu ya kikapu kimoja

Tuseme unataka kikapu cha sokoni, kitako cha mviringo mrefu wa sentimita 35 kwa 24, kimo sentimita 35. Eneo la kitako ni kama sentimita za mraba 716. Mzingo wa kitako ni sentimita 97, mara 35 ni 3,395. Jumla 4,111. Chane tisa za milimita 6 hutoa ukili wa sentimita 4 hivi, lakini kila mshono hula milimita 3, kwa hiyo hesabu 3.7. Gawanya: sentimita 1,111, yaani mita 11 na kidogo. Suka mita 12, ambazo ni pima sita na nusu.

Sasa chane. Zinapita mshazari, kwa hiyo kila mita ya ukili inakula karibu mita 1.4 ya kila chane. Mita 12 mara tisa mara 1.4 ni takriban mita 151. Chane ya ukindu yenye sentimita 35, ukitoa ya kuungia, inakupa 30. Unahitaji kama chane 500. Kwa miyaa ya sentimita 60 zingetosha 270, na hiyo ndiyo sababu hasa vikapu vya mzigo ni vya miyaa: viungo ni nusu.

Namba hii, 500, ningependa kila anayesimama mbele ya muuzaji na kusema "nipunguzie" aikumbuke. Kila chane imechanwa, imelainishwa, imeungwa. Anayeshusha bei ya kikapu cha namna hiyo mpaka iwe ya soda mbili, anamlazimisha msusi aruke kitu, na kitu chenyewe huwa ni kule kukausha na kulowesha ambako mnunuzi hakuoni.

Kushona

Shazia iwe butu kidogo, isitoboe chane bali ipite baina yake. Uzi bora ni chane ya miyaa iliyochanwa milimita 2 na kuloweshwa. Inakaza pamoja na ukili na haikati. Uzi wa nailoni una nguvu kuliko jani, na hilo ndilo tatizo lake: mzigo ukivuta, nailoni haitoi, linakatika jani. Ukiutumia, chagua mnene, usichague ule wa kuvulia dagaa.

Kitako cha mviringo kamili ni kigumu kwa ukili wa sentimita 4, kwani mzunguko mdogo hauukubali. Katikati hujiinua kama kofia. Anza kwa mstari ulionyooka wa sentimita 11, nusu shibiri. Hiyo ni tofauti ya 35 na 24, ndiyo inayokupa umbo. Mwisho wa mstari, usilazimishe ukili kupinda; ukunje pembe, ulale juu ya nafsi yake, kisha urudi ubavuni mwa mstari. Kona mbili za kwanza zote ni za kukunja. Kuanzia mzunguko wa pili ukili utakubali kupinda wenyewe ukiulowesha kidogo: vuta ukingo wa nje utanuke, sukuma wa ndani ukusanyike, na gonga kwa mchi mwepesi ulale bapa.

Shazia inapita kwenye tundu la ukingo wa ukili huu, halafu la ukili wa pili, ukirudi na kwenda, ili kingo mbili ziumane kama meno. Mshono mzuri hauonekani juu wala chini. Ukiona uzi unakatiza juu ya ukili, unashona mbali na ukingo.

Baada ya mizunguko mitatu na robo hivi kitako kimefika upana. Sasa ukili usimame. Acha kuupa nafasi kwenye kona, kaza uzi, na ukili utainuka wenyewe. Hapa ndipo vikapu vingi hupanuka mdomo au kubanwa kiuno. Aliyekaza kila mshono anapata kikapu kinachojifunga juu. Aliyelegeza anapata beseni. Tia ndoo ndani yenye upana unaotaka, ushone ukiizunguka. Haipunguzi heshima ya kazi, na vikapu kumi vitatoka sawa.

Mdomo usiishe kwa ngazi. Sentimita 20 za mwisho za ukili, punguza chane: tisa, saba, tano, ukikunja zilizotoka nyuma. Ukili utafifia na mdomo utakaa usawa mmoja. Juu yake shona ukili mwembamba wa tano, uliokunjwa katikati, kuufunika ukingo wote.

Mikono ya usumba

Vikapu vingi vizuri hufa mikononi. Mkono hushonwa mdomoni tu, kwa uzi mapito matatu, halafu unatiwa kilo sita za viazi, na mdomo unachanika pamoja na mkono.

Mkono unatakiwa ubebe kitako. Tumia kamba moja ya usumba, mita 3 na ushee, iliyounganishwa ncha zake iwe pete. Inapita chini ya kitako, inapanda ubavuni, inatoka juu kama mkono wa kwanza, inashuka, inapita tena chini, inapanda upande wa pili na kuwa mkono wa pili. Kiungo cha pete kiwe chini ya kitako. Ishone ubavuni kila baada ya mizunguko miwili ya ukili. Mzigo sasa umekaa juu ya kamba, ukili unazuia tu vitu visimwagike.

Usumba wenyewe upatikane kwa makumbi yaliyofukiwa mchangani pwani, panapofikiwa na maji, kwa miezi kadhaa, kisha yakapondwa na kuoshwa. Ule wa kuponda makavu una vumbi na hukatika. Kamba isokotwe nyuzi mbili, unene wa kidole cha mwisho. Mkononi izungushie ukindu ili isichune kiganja.

Usumba huo huo ni kiini kizuri kwa kikapu cha kuzungusha, kile kinachoshonwa kama vikapu vya agaseke vya Rwanda, duara juu ya duara. Andaa kiini chenye unene wa kidole cha mwisho, kizungushie chane yenye unyevu, na kila baada ya mzunguko mmoja au miwili ya chane shika mstari wa chini kwa shazia. Kosa lake kubwa ni kusahau kulisha kiini. Ongeza nyuzi chache kila baada ya vidole vinne, kabla hakijaonekana kupungua; ukingoja ukione chembamba, umeshachelewa, na mstari ule utabaki na bonde.

Bitana, na jaribio

Kitambaa cha ndani kiwe marekani au pamba nyingine nene, kifuliwe kabla ya kukatwa, la sivyo kitasinyaa ndani na kuuvuta mdomo. Kishonwe mdomoni peke yake, kitako chake kikae huru, ili kikapu kikilowa uweze kukivuta nje na jani lipate hewa. Wanaobandika kwa gundi wanafungia koga ndani. Zipu ishonwe kwenye bitana, isiguse ukili.

Kabla hujauza, tia kilo nane za mchanga ndani ya mfuko, uweke kikapuni, ukitundike kwa mikono yake usiku mmoja. Asubuhi pima kimo. Kikiongezeka zaidi ya sentimita moja, mishono ya kona ya kitako imelegea. Ifumue hiyo tu, lowesha, ushone upya. Kisha kitundike tena.